Heda za Maunzi Zirudi Kwao

Leo sitazungumzia simu mpya wala bei za intaneti. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa faili ndogo ndogo ambazo wengi wenu hamjawahi kuzifungua: faili za heda zilizo ndani ya kerneli. Najua kuna mmoja wenu ameshaanza kupiga miayo. Ngoja kidogo, ndugu yangu. Ndani ya hadithi hii kuna maziwa ya wakulima yaliyomwagwa, na mimi nilikuwa na mkono katika kuyamwaga.

Msimamo wangu nautaja mapema ili asiyetaka kusoma yote aondoke nao. Faili inayoeleza kifaa fulani ikae pamoja na msimbo wa kifaa hicho, mahali pamoja tu, kwa jina lisilogongana na lingine. Kinachotumiwa na vifaa vyote kikae kwenye saraka ya wote. Anayesema kwamba hilo ni suala la usafi wa meza tu, hajawahi kulipia gharama yake. Mimi nimelipia.

Kwanza, tuelewane maneno

Kerneli ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayoongea na maunzi moja kwa moja: prosesa, kumbukumbu, saa, modemu. Simu yako ikiwa ni ya Android, kerneli yake ni Linux. Kerneli hii imeandikwa zaidi kwa lugha ya C, na katika C kuna faili za aina mbili. Faili za .c zina kazi yenyewe. Faili za .h, yaani heda, zina matangazo: anwani hii ni ya rejista ya saa, pini hii inawasha modemu, ukurasa mmoja wa kumbukumbu una baiti 4096. Faili ya .c ikiandika #include, kompaila inaichukua ile heda na kuibandika pale pale, neno kwa neno, kana kwamba uliiandika mwenyewe.

Inaichukua kutoka wapi? Hilo ndilo swali la leo. Kompaila hupewa orodha ya saraka za kutafuta, na huchukua faili ya kwanza yenye jina lile. Ya kwanza tu. Haiulizi kama mbele ya safari kuna nyingine yenye jina kama hilo, na haikuambii kitu.

Kuna na jambo la pili. Heda nyingi huwa na kufuli: mistari miwili ya juu inayosema "kama umeshanisoma, usinisome tena". Ni kinga nzuri. Lakini heda mbili tofauti zikiwa na kufuli ya jina moja, ya kwanza kusomwa inaifungia mlango ya pili. Tena kimya kimya, bila onyo.

Shikeni hayo mawili. Sasa hadithi.

Pini ya modemu

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi ya vikasha vya kupima mafuta kwenye matangi ya jenereta. Ndani ya kikasha kulikuwa na bodi ndogo ya prosesa ya ARM, modemu ya GSM, na kerneli ya Linux ya familia ya 2.6 ambayo mtengenezaji wa bodi alitupa ikiwa imeshapigwa viraka vyake. Jina la mtengenezaji sitalitaja. Tabia yake ni ya wengi. Kila baada ya dakika kadhaa kikasha kilituma kipimo cha mafuta. Mafuta yakipungua, mwenye jenereta anapata ujumbe mfupi.

Modemu za bei nafuu huganda, kila fundi anajua. Kwa hiyo kerneli ilikuwa na draiva ndogo: modemu ikinyamaza, inavuta pini moja chini, inasubiri, inaiachilia, na modemu inawaka upya. Nambari ya pini hiyo ilikuwa kwenye heda.

Ikaja bodi ya toleo jipya. Pini ya modemu ilikuwa imehamishwa. Nikafungua saraka ya mashine yetu ndani ya kerneli, nikaikuta heda ya pini, nikabadilisha nambari, nikakompaili. Hakuna kosa, hakuna onyo. Nikapakia kwenye bodi mpya mezani kwangu, modemu ikawaka, vipimo vikaenda. Siku tatu mfululizo. Nikasema safi, tukapeleka vikasha.

Wiki ya pili kikasha kimoja kikanyamaza. Halafu cha pili. Halafu vitatu kwa siku moja. Kwa kuwa njia ya pekee ya kukifikia kikasha ilikuwa modemu yenyewe, hapakuwa na la kufanya ukiwa ofisini. Ilibidi mtu apande gari. Mtu huyo alikuwa mimi: Naivasha, Nakuru, Eldoret, mpaka Malaba, na laptopu na waya wa kiunganishi mkobani.

Kabla sijamaliza mzunguko, jenereta ya kituo kimoja cha kupoza maziwa huko Nyandarua ikaishiwa mafuta usiku. Umeme ulikuwa umepotea tangu jioni. Mlinzi alikuwa amezoea kwamba ujumbe wa mafuta huja wenyewe, na ujumbe haukuja. Asubuhi maziwa ya wakulima yalikuwa yameharibika, yakamwagwa. Nilisimama pale na mwenyekiti wa chama cha ushirika, mzee mpole, akaniuliza swali moja tu: "Sasa kijana, hiki chombo chako kilikuwa kinafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nililipata siku mbili baadaye. Ndani ya ile kerneli kulikuwa na heda mbili zenye jina moja. Moja ilikuwa kwenye saraka ya mashine, mahali pake pa haki, na ndiyo niliyoibadilisha. Nyingine ilikuwa kwenye saraka ya wote ya include. Nadhani kuna mtu aliiweka huko siku ambayo draiva yake haikuiona ile ya kwanza. Jina moja, kufuli moja, nambari tofauti. Draiva yetu ilikuwa inasoma ile ya saraka ya wote. Mezani kila kitu kilienda vizuri kwa sababu programu inayotangulia kuiamsha kerneli ndiyo iliyokuwa inawasha modemu. Pini ile ilihitajika tu siku ambayo modemu ingeganda. Ikiganda, kerneli ilikuwa inavuta kwa bidii pini ambayo kwenye bodi mpya haikuunganishwa na kitu chochote.

Makosa yangu nayakubali. Nilipaswa kuigandisha modemu kwa makusudi na kuona kama inaamka. Lakini hebu niambieni: fundi akifungua droo iliyoandikwa "bodi hii", akabadilisha kilichomo, halafu mashine ikawa inasoma droo nyingine iliyo jikoni, kosa ni la fundi peke yake? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari mbili, na mali ikapotea vilevile.

"Hilo ni kosa la bodi za bei rahisi"

Hili nimeambiwa mara nyingi. Eti kampuni ndogo ndizo zenye fujo, wakubwa hawafanyi hivyo. Basi twende kwa mkubwa mwenyewe. Tuiangalie Linux ya kwenye mti mkuu, ile ya Linus Torvalds.

Kwa miaka mingi heda za kila aina ya prosesa zilikaa zote ndani ya saraka ya include: include/asm-i386, include/asm-alpha, include/asm-sparc, include/asm-arm na wenzake. Msimbo wa prosesa hizo ulikuwa kwingine kabisa, ndani ya arch. Yaani mwili upo Mombasa, kichwa kipo Kisumu. Ulipotaka kukompaili, mfumo ulitengeneza njia ya mkato iitwayo include/asm inayoelekea kwenye saraka ya prosesa uliyochagua. Msimbo wote uliandika tu asm/io.h na kuamini kwamba njia ya mkato inaelekea panapofaa.

Sasa chukua mti huo mmoja, kompaili kwa ajili ya kompyuta ya kawaida, halafu bila kusafisha jaribu kukompaili kwa ajili ya bodi ya ARM. Njia ya mkato bado inaelekea kwenye prosesa ya jana. Tatizo lilikuwa la kawaida kiasi kwamba ndani ya faili kuu ya ujenzi wa kerneli waliweka ukaguzi maalumu wa kukupigia kelele kwamba njia ya mkato inaelekea pasipotarajiwa, kwa hiyo nenda ukasafishe mti. Ukiona nyumba imewekewa king'ora cha kukuambia umeingia chumba kisicho chako, ujue milango ilipangwa vibaya.

Mwaka 2008 ndipo uhamisho mkubwa ulipofanyika. Heda za PowerPC, za ARM, za x86 na nyingine zikahamishwa kutoka include/asm-fulani kwenda arch/fulani/include/asm. Kerneli ya 2.6.28 ilipotoka Desemba 2008, x86 ilikuwa imeshahamia kwake. Zilizobaki zikafuata miaka iliyofuata, na ile njia ya mkato ikazikwa. Hakuna kipengele kipya ambacho mtumiaji alikiona. Lakini tangu hapo ukitaka kujua x86 inafanyaje jambo fulani, unaingia mlango mmoja.

Mfano wa pili ni wa kuandika kitu kilekile mara mbili. Mpaka mwaka 2007 prosesa za Intel na AMD za biti 32 na zile za biti 64 zilikuwa na saraka mbili tofauti, i386 na x86_64, kila moja na heda zake. Hitilafu ikirekebishwa upande mmoja, upande wa pili inaweza kubaki mpaka mtu aikumbuke. Thomas Gleixner na Ingo Molnar wakaongoza kazi ya kuziunganisha ziwe arch/x86, na muungano huo ukatoka katika 2.6.24 Januari 2008. Mwanzoni ulikuwa muungano wa jina tu: faili zilipewa mkia wa _32 na _64, na heda ya katikati ikichagua mojawapo. Wapo waliocheka. Mimi nasema hiyo ndiyo hekima. Ukiziweka faili mbili zinazofanana zikae ubavu kwa ubavu, macho yenyewe yataanza kuuliza kwa nini mstari huu upo hapa na pale haupo. Zikiwa mbali hakuna anayeuliza. Baadaye nyingi ziliunganishwa kweli.

ARM: hapa ndipo moto ulipowaka

Kama x86 ilikuwa fujo ya nyumba mbili, ARM ilikuwa fujo ya kijiji kizima. Prosesa ya ARM huuzwa ndani ya chipu nyingi za kampuni nyingi, na kila chipu ina anwani zake, saa zake, nambari zake za ukatizaji. Kila familia ya chipu ilipewa saraka yake, mach-pxa, mach-omap2 na kadhalika, na baada ya uhamisho wa 2008 kila moja ikawa na include/mach yake ndani.

Utasema: si ndivyo unavyotaka? Heda ipo karibu na kifaa chake! Ndiyo, nusu ya msimamo wangu ilitimizwa. Ile nusu ya pili, majina yasiyogongana, haikutimizwa. Kila familia ilitakiwa kuwa na mach/hardware.h yake, mach/irqs.h yake, mach/memory.h yake. Jina moja, maudhui tofauti. Idadi ya nambari za ukatizaji ilikuwa ni namba ya kudumu ndani ya heda. Anwani ambapo kumbukumbu inaanzia, vivyo hivyo. Kwa kuwa faili moja ya .c inaweza kubandikwa mach/irqs.h moja tu, kerneli moja ingeweza kufaa familia moja tu ya chipu. Una familia kumi? Kompaili kerneli kumi, zijaribu kumi, zisambaze kumi.

Mnaona? Mpangilio wa heda peke yake ulitosha kuzuia kerneli moja isiwake kwenye bodi mbili tofauti. Kompyuta ya mezani ya kampuni yoyote unaiwekea diski ileile ya Linux nayo inawaka. Bodi ya ARM ilikuwa inahitaji kerneli iliyoshonwa kwa kipimo chake kama suti ya harusi.

Machi 2011 Torvalds alichoka, akasema hadharani, kwa maneno makali, kwamba mambo ya ARM yalivyo hayafai. Kila msimu wa kuunganisha msimbo alikuwa anapokea rundo la faili za bodi zinazogongana zenyewe kwa zenyewe. Kuanzia hapo kazi ilishika kasi. Mwaka huohuo kerneli ya ARM iliweza kujirekebisha anwani ya mwanzo wa kumbukumbu wakati wa kuwaka badala ya kuikariri ndani ya heda. Maelezo ya bodi yakaanza kuhamishiwa kwenye faili tofauti ya data, iitwayo mti wa vifaa, ambayo kerneli huisoma inapowaka. Ni mbinu ambayo PowerPC ilikuwa inaitumia tayari. Na kerneli ya 3.7 ya Desemba 2012 ikawa ya kwanza ambamo familia chache za ARM ziliweza kuingia katika kerneli moja. Ili familia ikubaliwe kwenye kundi hilo, ilibidi iachane na zile mach/fulani.h za jina la pamoja.

Katika toleo lilelile la 3.7 iliingia arm64, ARM ya biti 64. Haikupewa saraka za mach hata moja. Walikuwa wameshaungua, hawakuweka mkono motoni tena.

Hoja za wapinzani wangu

Sasa niwape nafasi wanaonipinga, maana wapo, na wengine ni mafundi kunishinda.

Hoja ya kwanza: "Kinafanya kazi, usikiguse." Hii ina heshima yake. Kuhamisha faili mia kunaweza kuvunja viraka vya watu mia. Lakini kile kikasha changu pia kilikuwa "kinafanya kazi", siku tatu mfululizo. Kilichopangwa vibaya hufanya kazi mpaka siku ya mabadiliko, na maunzi hubadilika kila siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe utaujenga usiku, Malaba, kwa mwanga wa simu.

Hoja ya pili: "Ukihamisha faili unapoteza historia yake." Hii ilikuwa kweli zamani za CVS. Kerneli imekuwa ndani ya git tangu 2005. Faili ikihamishwa nzima, amri ya git blame inaifuata mpaka ilikotoka, na git log ukiipa --follow inafanya hivyo pia. Hoja hii imekufa, tuizike.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: "Kila prosesa ikiwa na heda zake mwenyewe, mambo yaleyale yataandikwa mara ishirini." Kweli kabisa, na ndiyo maana sisemi kila kitu kiende kwa mwenye kifaa. Jibu lipo ndani ya kerneli yenyewe: include/asm-generic. Hapo ndipo panapokaa heda za kawaida ambazo prosesa yoyote isiyo na la ziada inaweza kuzichukua. Mwaka 2009 Arnd Bergmann alizikamilisha ili prosesa mpya ikija isianze kwa kunakili heda za mwingine. Siku hizi prosesa ikitaka toleo la kawaida haiandiki faili. Mstari mmoja wa generic-y kwenye faili ya ujenzi unaweza kutosha. Kwa hiyo saraka ya prosesa inabaki na yale tu ambayo ni tofauti kweli. Ukiifungua, unasoma tofauti tupu. Huo ndio mpangilio: cha wote kwa wote, cha mmoja kwa mmoja, na hakuna nakala.

Hoja ya nne: "Mti wa vifaa nao una fujo zake." Naam, unazo. Nimeona faili za mti wa vifaa zenye makosa ya kuchekesha. Lakini kosa lililo ndani ya mti wa vifaa ni kosa la bodi moja, lipo ndani ya faili yenye jina la bodi hiyo, na unalirekebisha bila kukompaili kerneli upya. Linganisha na heda ya saraka ya wote ambayo ukiigusa hujui umegusa nani.

Kwa nini wewe usiyeandika kerneli ujali

Kwa sababu una simu. Kwa miaka mingi simu za Android zilikuja na kerneli iliyochanganywa na msimbo wa mtengenezaji wa chipu kiasi kwamba kuipeleka toleo jipya ilikuwa kazi ya miezi. Kazi ya miezi haifanywi kwa simu ya bei ya chini iliyokwisha kuuzwa. Matokeo yake mwenye simu anabaki na tundu la usalama ambalo kwingine lilishazibwa zamani, na katika simu hiyohiyo ndimo pesa zake za M-Pesa zilimo. Google walianza kutenganisha: kuanzia simu zinazotoka na Android 12 na kerneli ya 5.10, kerneli yenyewe inatakiwa iwe moja ya wote, na mambo ya chipu yakae kwenye moduli zake. Ni wazo lilelile ninalolipigania hapa, kwa jina kubwa zaidi.

Na kuna upande wa kufuta. Mwaka 2018 kerneli ya 4.17 iliondolewa aina nane za prosesa ambazo hazikuwa na watumiaji tena, karibu nusu milioni ya mistari. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu nyumba ya kila mmoja ilikuwa inajulikana. Unaondoa saraka, unafuata nyuzi chache zilizobaki, umemaliza. Jaribu kumhamisha mpangaji ambaye vyombo vyake vimetapakaa katika vyumba vya wenzake wote.

Sisemi kwamba Linux wamemaliza. Januari 2022 Ingo Molnar alitoa viraka zaidi ya 2,200 vya kupunguza heda zinazoburuta heda nyingine, na akaonyesha kwamba muda wa kukompaili unapungua sana. Mzigo ulikuwa mkubwa mno, haukuingia wote kama ulivyo. Hilo ndilo deni la kuahirisha: siku ya kulipa, hata bingwa anashindwa kulibeba kwa mkupuo.

Ninachokitaka

Kwa wale mnaoandika draiva na kerneli za bodi hapa kwetu, na najua idadi yenu inakua, haya ndiyo madai yangu:

1. Heda inayosomwa na draiva moja tu iwekwe kando ya draiva hiyo, si kwenye include. Kama ni mistari mitano, iandike ndani ya faili ya .c yenyewe.

2. Kwenye saraka ya wote kiingie tu kile ambacho vifaa viwili au zaidi vinakitumia kweli leo. Cha "huenda siku moja kitatumika" kisubiri nje.

3. Majina yasigongane, na kufuli ya heda ibebe jina la njia yake yote. Kufuli iitwayo PINS_H ni mtego.

4. Nambari ya pini, anwani na nambari ya ukatizaji ni data za bodi. Ziende kwenye mti wa vifaa. Zikibaki kwenye heda, kila bodi mpya itadai kerneli mpya.

5. Heda za kutumiwa na programu za kawaida zitengwe na zile za ndani. Linux ilifanya hivyo katika 3.7 kwa kazi ya David Howells, ikaziweka kwenye saraka za uapi. Kabla ya hapo zilikuwa zimechanganywa ndani ya faili moja, na #ifdef ndiyo iliyokuwa inaweka mpaka.

6. Usiamini macho yako kuhusu heda gani inasomwa. Iulize kompaila. Ukiipa gcc alama ya -H itakutajia kila heda iliyoifungua na njia yake. Ndani ya kerneli, omba faili ya .i ya draiva yako uone yote yaliyobandikwa. Ningefanya hivyo kwa dakika mbili, nisingefika Malaba.

Baada ya yote, nilirudi Nyandarua. Nilipeleka vikasha vyenye kerneli mpya, nikavigandisha modemu mbele ya yule mzee mara tatu, na mara tatu vikaamka. Ile heda ya pili nilikuwa nimeifuta. Nilimtumia mtengenezaji wa bodi kiraka cha kuifuta kwake pia, pamoja na maelezo ya kurasa mbili. Akanijibu kwa mstari mmoja: toleo lijalo.

Toleo lijalo lilipofika nikalifungua mara moja. Heda zilikuwa tatu.